Redio za Baba Hazikuwa Mbovu

Mimi ni mzee wa miaka themanini na tatu, na hasira hii sijaimaliza.

Baba yangu, Eino Rantanen, alikuwa fundi redio hapa Fitchburg, Massachusetts. Mwaka 1941 aliwashawishi majirani saba wanunue redio za FM, kitu kipya kabisa. Aliwaahidi kwamba hata radi ikipiga, muziki hautakwaruza. Kweli haukukwaruza. Bwana Hakala, jirani yetu, alisema anamsikia mpiga fidla akivuta pumzi.

Vita vilipokwisha, wakubwa wa Washington wakaamua FM yote ihamie masafa ya juu, ambako redio zile hazifiki. Baada ya miaka michache masafa ya zamani yakazimwa. Redio nzima, taa zinawaka, zikabaki kimya.

"Umetuuzia makopo, Eino!" Hakala alimfokea kanisani, watu wakinywa kahawa. "Tapeli mkubwa we!"

Baba alifunga karakana, akaenda kubeba marobota kiwandani mpaka alipokufa. Waliomvunja moyo walikuwa wakila chakula chetu kila Krismasi!

Mwezi uliopita jumba la makumbusho la mji likaweka mezani redio yetu niliyowapa na kibandiko: "Haifanyi kazi." Nikamwendea msimamizi, Kendra.

"Nani kakwambia haifanyi kazi?"

"Bibi, nimetafuta stesheni mwanzo mpaka mwisho. Kimya."

"Hakuna anayezungumza nayo! Wewe ukifungiwa chumbani peke yako, ukanyamaza, tukuzike?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi nilirudi na kisanduku nilichokiunga mwenyewe kwa kufuata daftari la baba, mtambo mdogo wa kurusha sauti kwenye masafa yale ya zamani, ambao mawimbi yake hayatoki nje ya ukumbi. Watu walijaa, Arvo mtoto wa Hakala akiwamo, naye mzee sasa. Kendra akawasha redio. Tukasubiri ipate moto. Nikasimama mwisho wa ukumbi na kipaza sauti.

"Naitwa Aili. Baba yangu alikuwa fundi mwaminifu."

Redio ikalisema neno hilo kwa sauti yangu, safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

Kendra akabandua kibandiko bila kuambiwa. Arvo akanijia, macho chini.

"Dada Aili, baba yangu alimwita baba yako tapeli mpaka siku anakufa. Na sisi tulifuata. Nisamehe."

"Mimi hukunitukana," nikamwambia. "Uliyemtukana yuko makaburini. Vaa koti, twende."