Kwaya Juu ya Rimu Mpya

Nilinunua rimu pana za kung'aa kwa ajili ya pikapu yangu, na sikutaka kusikia la mtu. Fundi wa matairi pale Mbinga hakubishana. Alifunga moja nyuma, akanionyesha kwamba sehemu yake ya kufungia nati imekaa ndani mno, ndiyo maana tairi limechomoza nje, moja kwa moja chini ya ukingo wa bodi. Nikamjibu kwamba mbona haligusi popote.

“Jumapili gari hili linabeba nini?” akaniuliza.

“Kwaya. Tunateremka ziwani, Mbamba Bay.”

Kwaya yenyewe ilikuwa mazoezini kanisani, ng'ambo ya barabara. Akaenda kuwaomba. Wakaja wote, akina mama mbele, mpiga ngoma na ngoma yake, wakajazana nyuma ya pikapu. Fundi akapaka tope jekundu kwenye bega la tairi, akawaambia waimbe ule wimbo wao wa kucheza. Wakaimba, wakayumba kulia na kushoto, na chini nikasikia mpira ukikwaruza bati.

Fundi akapitisha kidole ndani ya bodi, akanionyesha tope jekundu. Nimewaona mafundi wa mijini na vipimo vyao vya kila namna; sijaona kipimo kama kile.

Wimbo ulikuwa umekatika. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akainama, akalitazama tairi, kisha akanitazama mimi.

“Kaka, na sisi ulikuwa utupeleke ziwani na rimu hizo?”