Betri Chini ya Kitanda cha Baba

Juzi nilisoma makala ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa kiharusi wanaoshindwa kumeza. Wataalamu huwapitishia umeme hafifu kichwani ili ubongo uikumbuke kazi ya koo, na makala ilikiri kwa tahadhari kwamba matokeo bado yanachunguzwa. Nilicheka peke yangu. Ukoo wetu ulilimaliza suala hilo kule kijijini Mamba, miaka ya tisini, bila tahadhari yoyote.

Baba alikuwa amepooza upande mmoja. Kabla hatujamtoa hospitali Mpanda, muuguzi alituonya: apewe chakula kizito, kidogo kidogo, akiwa amekaa wima, kwani vya majimaji vingeweza kuingia mapafuni vikamuua. Onyo hilo halikuwa na ubavu wa kushindana na jumuiya yetu ya kanisa. Kwetu mgonjwa hupelekewa uji, na aliyeuleta haondoki mpaka aone umeonjwa. Akina mama walikuja kwa zamu, kila mmoja na chupa yake ya chai iliyojaa uji na upendo usiokubali kukataliwa. Baba alipaliwa, macho yakamtoka, akapigwapigwa mgongoni kwa heshima zote. Kisha aliyefuata akafungua kifuniko.

"Muuguzi kakataza," mama alisema.

"Huyo anajua uji wa hospitali," mwenyekiti wa jumuiya akamjibu. "Huu wa ulezi, mama. Au unataka tumwache afe njaa?"

Ndipo baba mdogo alipoingia amebeba betri ya trekta.

"Shemeji, kichwa cha kaka ni injini imezima. Kinataka kushtuliwa tu." Elimu hiyo aliipata kwa dereva wa lori la mpunga.

Nilitarajia mama amfukuze. Aliitazama betri, akaitazama foleni ya chupa mlangoni.

"Iweke chini ya kitanda, shemeji. Waya nitaunga mwenyewe."

Hakuunga chochote. Alizipitisha nyaya chini ya shuka, zisiguse betri, kisha akatoka nje kutangaza kwamba mgonjwa yuko kwenye umeme: atakayemnywesha uji, wote wawili watapigwa shoti.

Hakuna aliyebisha. Watu waliomdharau muuguzi mwenye cheti waliinyenyekea betri yenye kutu. Uji ukaanza kuachwa mlangoni, tukaunywa sisi watoto. Ndani, mama alimkalisha baba wima na kumlisha kiazi kitamu kilichopondwa, ncha ya kijiko kwa ncha ya kijiko, akilitazama koo lake kama mtu anayengoja basi lisilo na ratiba.

Majuma yalipita hivyo. Asubuhi moja baba alimeza, akameza tena, na hakukohoa. Mama alijifunika uso kwa kanga. Baba akafungua kinywa, ulimi ukiwa bado mzito.

"Nyie... toeni hizi waya. Zinanichoma mgongoni."

"Mmesikia?" baba mdogo akapaza sauti. "Umeme umeingia!"

Mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuwa akichungulia dirishani, akauliza kama unatibu na magoti.