Maji Mdomoni mwa Mwalimu Spika

Jina la Mwalimu Spika hakupewa na maadui zake. Wanafunzi ndio walioanza, walimu wenzake wakalidaka, na mwisho hata mkewe akawa analitumia siku akikasirika. Akifundisha darasa la pili, darasa la saba wanaandika imla yake bila kupenda. Siku za wiki ni mwalimu, Jumamosi ni mshereheshaji wa harusi, na waliooa chini ya maikrofoni yake watakwambia kwamba bwana harusi alipata nafasi ya kusema "ndiyo" na basi, hayo mengine yote aliyasema Spika.

Tusimwonee lakini. Ni mtu mwema kabisa, hana kinyongo na mtu. Anawapenda watu, na yeye akikupenda anakuongelesha, akikupenda zaidi anakuongelesha zaidi. Kitu kimoja tu hakukiweza maishani: kimya. Watu wakinyamaza mahali alipo, mwili mzima unamwasha. Kwenye foleni ya benki anahutubia. Kwa kinyozi anaongea mpaka kinyozi anamshika kichwa kwa mikono miwili ili apate kunyoa.

Na kimya ndicho kilichomponza. Kwenye kikao cha walimu, mwalimu mkuu alitangaza kwamba shule imepata nafasi moja ya mafunzo ya kuwasaidia watoto wenye usonji na wale wenye ugumu wa kujifunza. Kile chumba cha nyuma ya maktaba, akasema, kitafanywa darasa lao.

"Lakini bila mwalimu mwenye cheti hatufungui kitu. Kitabaki kuwa stoo ya madawati mabovu. Haya, nani ataenda?"

Walimu wakatazama viatu vyao. Feni ikazunguka. Mtu akakohoa, akajuta kukohoa. Mwalimu Spika akajikaza, akajikaza, mwisho uzalendo ukamshinda.

"Mimi!" akasema, ili tu mtu awe amesema kitu.

Habari zikamfikia fundi cherehani kabla chai ya kikao haijapoa. Fundi huyu ni mama mmoja mwenye kibanda mkabala na geti la shule, na ana binti wa miaka sita ambaye hajawahi kutamka neno. Mtoto hushinda chini ya meza ya kukatia vitambaa, akipanga rola za uzi: nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, kisha anavuruga na kuanza upya. Kelele zikizidi anaziba masikio na kulia mpaka sauti inakauka. Mama yake alikuwa amempeleka kila shule ya karibu, na kila shule ilimjibu kwa heshima kwamba amlete akishaanza kuongea.

"Mwalimu," alimwita Spika akipita, sindano bado ipo kati ya midomo. "Nasikia ni wewe."

"Ni mimi, dada yangu, na nikwambie kitu, haya mafunzo ni mambo makubwa, maana ukiangalia tulikotoka..."

Fundi akatoa sindano mdomoni. "Mwalimu. Ukifeli, huyu anabaki chini ya meza yangu. Usifeli."

Mwalimu Spika alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama chini ya meza, akaona vidole vidogo vikisukuma rola ya kijani taratibu ikae sawa na wenzake. "Sitafeli," akasema, akaenda zake, na njia nzima hakumsalimu mtu.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na dirisha moja lisilofunguka. Walikuwemo walimu wa chekechea, wauguzi, na daktari mmoja wa meno aliyesema waziwazi kwamba amechoka kuwatibu watoto hawa huku watu wanne wamewakamata. Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, ndogo hasa, mpaka watu walivuta viti mbele wamsikie. Mwalimu Spika alimwonea huruma. Alidhani mama wa watu anaumwa koo.

Siku ya kwanza tu, mkufunzi alimpa muuguzi aliyekaa jirani na Spika shati la mtoto, akamvalisha glavu nene, akamwambia afunge vifungo. Redio ikawashwa. Daktari wa meno akaambiwa ammulike tochi usoni. "Na wewe, mwalimu," akamwambia Spika, "mpe maelekezo."

Jamani! Kazi ya kumpa mtu yule ilikuwa ni hiyo?

"Anza juu, sista. Hapana, si hicho, kinachofuata. Taratibu, mbona una haraka? Vizuri sana! Aa, umeruka kimoja. Nitazame mimi. Hebu nitazame basi! Unanisikia lakini?"

Muuguzi alimtupia shati usoni. "Kaka, ninyamazie, la sivyo nakushona huo mdomo bila ganzi!"

Ukumbi ulivunjika mbavu, na Spika mwenyewe alicheka kuliko wote. Mkufunzi akasubiri wamalize, akazima redio. "Sasa fikirieni," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "kama sista asingeweza kuyasema hayo aliyoyasema. Angebaki na lipi? Kutupa shati tu. Nasi tungesema ana tabia mbaya."

Kicheko kilimkauka Spika usoni. Aliwakumbuka watoto kadhaa.

Kanuni ya mkufunzi ilikuwa fupi kama yeye: sema neno moja au mawili, kisha subiri. Subiri mpaka uone aibu, halafu subiri tena, maana mtoto bado yuko njiani anakuja. Watoto waliletwa ukumbini kwa mazoezi, na wenzake waliishika upesi. Spika? Wapi! Akisema "mpira" na kunyamaza, kabla hujapepesa jicho ameshaongeza "huu hapa mpira, mzuri, mwekundu, unautaka, sema unautaka." Mkufunzi hakumgombeza. Alikuwa anamtazama tu, na hilo lilimuuma zaidi. Mchana mmoja alikaa peke yake ngazini, akamwaza fundi na sindano yake, akaona kabisa kwamba atafeli.

Muuguzi ndiye aliyemletea dawa: chupa ya maji. "Ukishauliza, piga funda moja. Usimeze mpaka mtoto akujibu. Ukimeza kabla, umekula hasara."

Ikafanya kazi, ajabu ya Mungu. Kwanza ilikuwa vurugu, maana alikuwa anakwenda chooni kila saa, na siku moja alipiga chafya mbele ya daktari wa meno, yule daktari akajifuta miwani na kusema hajawahi kuoga kazini. Lakini mashavu yakijaa, Spika ananyamaza, na akinyamaza anaona. Aliona mtoto anayegeuza kichwa kwanza kabla ya kunyoosha mkono. Aliona mwingine anayeng'ata kola ya shati anapozidiwa. Vitu hivyo vilikuwepo siku zote, isipokuwa yeye alikuwa anaongea.

Akaijaribu na nyumbani. "Siku yako ilikuwaje, mama?" alimuuliza mkewe mezani, akapiga funda, akasubiri mashavu yamevimba. Mkewe akamkazia macho, akafikiri ni jino. Alipoona hasemi kitu, akaanza kusimulia, na alisimulia mpaka chakula kikapoa.

"Kumbe una mambo mengi hivi," Spika alisema alipomeza.

"Ninayo tangu unioe," mkewe akajibu, akampelekea chupa nyingine.

Wiki ya mwisho walitengeneza kadi za picha, za watoto wasiosema kwa mdomo. Mtoto anabandua kadi ubaoni, anakupa mkononi, wewe unampa anachokitaka. Spika alichora maji, choo, mpira, na rola ya uzi, hiyo aliipaka rangi kwa upendo. Mkufunzi akapita, akamwekea nyingine: uso wenye kidole mdomoni.

"Kimya? Hii ya nini, mwalimu?" Spika aliuliza.

"Mtoto anayeweza kuomba tu, bila kukataa, bado hajapewa sauti. Lazima awe na njia ya kusema imetosha."

"Basi huyu wangu wa rola hataihitaji," Spika akasema. "Mimi siku hizi ni mtu wa maji."

Muuguzi alipatwa na kikohozi cha ghafla.

Mtihani wa vitendo ulifanyika kwenye kile chumba cha nyuma ya maktaba. Madawati mabovu yalikuwa yameondolewa, sakafu imepigwa deki, meza moja imebaki katikati, ubao wa kadi uko ukutani usawa wa kifua cha mtoto. Mkufunzi alikaa pembeni. Alichotaka kukiona kilikuwa kimoja: mtoto amweleze mwalimu anachotaka, na mwalimu amwelewe. Fundi alimleta binti yake, akabaki mlangoni, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Hakuna aliyekumbuka kumwambia akae.

Spika alikuwa ameweka rola za uzi ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha ndani, mfuniko umekazwa. Alikaa sakafuni. "Uzi," akasema. Akapiga funda. Akasubiri.

Mtoto alizunguka chumba. Aligusa ukuta, akagusa mlango, akalipita kopo kama halipo. Spika jasho linamtoka, mashavu yamejaa. Mtoto akarudi. Akalishika kopo, akalitikisa, akajaribu mfuniko, ukagoma. Akamtazama Spika, si machoni, hapa kidevuni. Kisha akaenda ubaoni, akainua mkono, na kidole chake kikaigusa kadi ya rola.

Ameigusa tu! Hata hajaibandua! Spika akameza funda zima, na kile kilichotoka hakikuwa mwalimu, kilikuwa ni mshereheshaji wa Jumamosi.

"Huyoooo! Safi sana! Makofi kwake jamani, makofi!" Na akapiga makofi, mikono ile mikubwa, ndani ya chumba chenye mwangwi.

Mtoto aliziba masikio, akajitupa chini ya meza, akaanza kulia.

Mlangoni, fundi alifumba macho. Spika naye damu ilimwishia usoni. Mtu mwingine angenyamaza hapo. Yeye alipiga magoti kando ya meza akaanza kuomba radhi. "Nisamehe mama, nisamehe, nimekosea mimi, si wewe, ulifanya vizuri mno, ni furaha tu ilinizidi, usilie, njoo, hebu njoo uone..." Maneno yakafuatana kama cherehani iliyokwama kanyagio. Alijua anaharibu, akazidi kuharibu, na akaliona lile darasa likirudi kuwa stoo mbele ya macho yake.

Kilio kikapungua. Mtoto akatoka chini ya meza upande wa pili, bado mkono mmoja uko sikioni. Alikwenda mpaka ubaoni. Akaipita kadi ya rola. Akabandua nyingine, akarudi nayo, akafungua vidole vya Mwalimu Spika kimoja kimoja, akaibonyeza katikati ya kiganja.

Uso wenye kidole mdomoni.

Spika alinyamaza katikati ya neno. Chupa ya maji ilikuwa palepale, hakuigusa. Alikaa chini, mgongo ukutani, kadi mkononi, akanyamaza kwa namna ambayo hajawahi kunyamaza hata usingizini, maana mkewe ni shahidi kwamba hata usingizini anaongea. Mtoto akasimama akimchunguza, kama mtu anayejaribu bomba aone limefungwa kweli. Akashusha mkono sikioni. Akaenda akaleta kadi ya rola, akampa. Spika akafungua kopo. Mtoto akakaa karibu na mguu wake, akaanza kupanga nyekundu na nyekundu.

Mkufunzi alisimama, akaenda mlangoni, kwa fundi.

"Amefeli?" fundi aliuliza.

"Amepiga kelele, amepiga makofi, amevunja karibu kila nilichomfundisha," mkufunzi akasema. "Lakini mimi nilitaka nione mtoto akisema anachotaka, na mtu mzima akimtii. Sijawahi kuliona hilo wazi kama leo. Cheti atapata. Makofi ataacha."

"Kwani mwanangu amesema nini?"

Spika aliinua tu kiganja, akamwonyesha kadi. Fundi aliisogelea, akaitazama, akamtazama mwalimu aliyekaa kimya kama mtungi. Kicheko kilianza tumboni. Alijiziba mdomo kwa futi ya kupimia ili asimshtue mtoto, akacheka bila sauti mpaka machozi yakawa machozi ya kweli.

"Mwanangu," alinong'ona, "neno lake la kwanza duniani, amemwambia Spika anyamaze. Na amemsikia!"

Jioni ile mkewe alimpokea kwa swali moja: vipi? Spika akatikisa kichwa kukubali, bila neno. Mke akamshika paji la uso kupima homa. Ilibidi amsimulie yote ndipo aamini kwamba mumewe ni mzima, naye akataka kujua kama kadi ile inaweza kutengenezwa ya pili, ya jikoni.

Darasa lilifunguliwa mwanzo wa muhula. Mwalimu mkuu alikuja, kamati ya shule ikaja, na Mwalimu Spika alikuwa amejiandalia hotuba ndefu ya makaribisho, aliyoipiga msasa kwa siku nyingi. Binti wa fundi aliingia amemshika mama yake mkono. Spika akasimama, akakohoa kusafisha koo, akafungua mdomo. Mtoto akatazama ubao wa kadi, akaachia mkono wa mama yake, akapiga hatua kuelekea huko.

Mwalimu Spika akafunga mdomo, akamvutia kiti.