Darasa la Tano na Mbili

Siku hiyo tulikuwa watano uani kwangu Tabaka: mimi, mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mwalimu wa hesabu kule Nyanchwa, kitinda mimba wetu, ambaye ni muuguzi, mama mdogo kutoka Ogembo, aliyekuja na mkungu wa ndizi kana kwamba kuna harusi, na mtahini aliyekuja kunipima, mgeni asiyejua Kikisii. Chuo cha ufundi kilitaka mchongaji wa mawe wa kufundisha vijana. Kazi walishaniahidi, lakini bila cheti cha ujuzi wangempa mwingine.

Mtahini akafungua fomu. "Uliishia darasa la ngapi?"

"La tano na mbili."

Woga ulinirudisha kwenye hesabu ya nyumbani, ambako saba ni *isano na ibere*. Akaandika tano, kisha akanitazama akingoja hiyo mbili.

"Ni saba," mdogo wangu akamwambia. "Dada, mimi nalipwa kwa hesabu, wewe unaniaibisha."

"Na hiyo hesabu alikufunza nani?" mama mdogo akamwuliza.

Mdogo wangu akacheka, akainamisha kichwa. Nilimfunza kwa vipande vya mawe, mimi nikipiga msasa, yeye akingoja uji. Wazazi walikuwa wametutoka mwaka uleule nilioacha shule.

"Mapato yako kwa mwezi?"

"Mwezi wa kufungua shule au mwezi wa kawaida?"

"Mapato yake ni sisi," kitinda mimba akadakia. "Andika wawili."

Mtahini akaacha nafasi hiyo wazi. Akaweka mawe matatu mbele yangu, akaniambia nichague moja nichonge bakuli. La waridi lilikuwa zuri kuliko yote. Nikalimwagia maji. Kwingine kote kukakauka, ila mstari mmoja mwembamba ukabaki na unyevu. Nikalisukuma kando.

"Mbona unaliacha hilo?" mtahini akauliza. "Mimi ndilo ningelichukua."

"Lina ufa. Ungefika katikati likuachie vipande viwili."

Akaligonga kwa nyundo. Likagawanyika palepale penye mstari. Mama mdogo akamenya ndizi, akampa mtahini bila kuombwa.

Bakuli lilipokwisha, mtahini akauliza swali la mwisho: nani alinifunza kuchonga? Kwetu wanawake wengi hupiga msasa tu. Nikamweleza kuhusu jirani yetu, fundi aliyenipa patasi yake ya zamani baada ya mazishi ya wazazi. Hakutaka malipo. Alisema nami nimfunze mtu mmoja bure, nimfikishe mpaka aweze kujilisha. Hakuishi kuniona nikifanya hivyo.

Cheti kilikuja, na kazi nikapata. Sasa nina wanafunzi kumi na wawili, nawapenda, hata yule anayevunja kila kitu. Lakini hao wanalipa karo, na mimi nalipwa mshahara kwa ajili yao. Huyo mmoja wa bure bado sijamfunza.