Wimbo Niliouandika kwa Jina Langu

Mwanangu, mchana ule ningali nauona mbele ya macho yangu. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, udongo wa mtaa wa Mudzipela umenigandia viatuni, na mimi natembea nimeficha kaseti kifuani isilowe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa napeleka albamu yangu ya kwanza kwa Papa Anselmi, na nilijiona kama mtu aliyemaliza muziki wote wa dunia.

Papa Anselmi alikuwa mpiga kinanda wa parokia yetu. Yeye ndiye alinifundisha mahali pa kuweka kila kidole, tangu nilipokuwa mtoto ambaye miguu yake haikufika chini. Baadaye niliingia katika orkestra ya vijana hapa Bunia. Siye tulikuwa watano, mimi mwanamke peke yangu. Mwalimu mmoja mgeni alikuwa ametuachia kaseti za roki ya Ulaya, zile nyimbo ndefu ambazo moja inajaza upande mzima wa kaseti, zinabadilisha mwendo katikati, na piano ndiyo inaongoza. Tulizipenda kama wendawazimu. Watu walikuja kucheza rumba, nasi tukawapigia vitu ambavyo mguu haujui utue wapi. Wengi walirudi kwao. Wachache walibaki hadi mwisho. (Marehemu mume wangu alikuwa mmoja wa hao, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Mpiga batri wetu, yaani zile ngoma za orkestra, aliitwa Fideli, kijana wa Kpandroma kule milimani, mpole, wa maneno machache. Kila alipokuwa anakaza ngoma zake kabla ya mazoezi, alivumisha kwa mdomo uliofumbwa wimbo mmoja mdogo, huo huo siku zote. Sikumuuliza hata siku moja ameutoa wapi.

Sasa, wale wapiga piano wa Ulaya tuliowapenda, walikuwa na desturi ya kuacha kundi lao kwa muda na kutengeneza albamu kwa jina lao wenyewe. Mimi nami nikataka. Nikaazima sintetizeri, kile kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, na rafiki akaniruhusu kutumia mashini yake ya kurekodi. Fideli alisikia habari, akaja kuniuliza.

“Siye tutapiga mu wimbo gani?”

“Hii ni yangu mwenyewe,” nikamwambia.

“Na batri?”

“Mashini iko na ngoma. Haichoke, tena haikosee.”

Aliinamisha kichwa, akaweka vijiti vyake ndani ya mfuko, akaondoka. Majuma machache baadaye alirudi Kpandroma kumsaidia mama yake kulima viazi. Orkestra isiyo na batri haikuchukua muda, ikafa. Nami niliona ni sawa tu, kwa maana nilikuwa na kazi yangu kubwa.

Basi Papa Anselmi aliweka kaseti katika radio yake, akakaa, akaendelea kumenya maharagwe. Alisikiliza upande wa kwanza wote. Akageuza mwenyewe, akasikiliza wa pili. Mimi nilingoja sifa.

“Ejeni,” akasema mwishoni, “uko na vidole.”

“Aksanti, Papa.”

“Ngoja, sijamaliza. Uko na vidole, lakini tangu mwanzo mupaka mwisho haukupumua hata mara moja. Nani alikuwa anakukimbiza?”

Akarudisha kaseti nyuma, akatafuta mahali fulani, akabonyeza.

“Na huu wimbo, ni wa nani?”

“Ni wangu.”

Akaweka maharagwe pembeni. “Zingine zote umepiga kama mutu anayeonyesha watu nguvu yake. Hapa tu njo ulipiga kama mutu anayependa kitu. Kwa hiyo nakuuliza tena, mwanangu. Huu wimbo ni wa nani?”

Ulikuwa ule wimbo wa Fideli. Nilikuwa nimeuchukua ukiwa kinywani mwake, na kwenye karatasi ya kaseti nilikuwa nimeandika jina langu mara nne, jina la mtu mwingine hakuna.

“Enda Kpandroma,” akasema Papa Anselmi.

“Papa, kule ni mbali.”

“Njo maana nasema enda.”

Nilienda. Nilipanda juu ya lori la magunia, nikashuka kule mlimani nikitetemeka kwa baridi. Fideli nilimkuta shambani pamoja na mama yake, Mama Veroniki, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa. Fideli alinijibu “Yambo”, akaendelea na jembe lake. Nilisimama katikati ya matuta ya viazi nikasema yote mbele yao wawili: kwamba nimeuchukua wimbo, kwamba nimeandika ni wangu. Kisha nikaweka kaseti katika radio yao ndogo waliyokuja nayo shambani, kwa sababu sikutaka kuficha kitu.

Mama Veroniki aliacha kulima. Alisikiliza, akaangua kicheko.

“Huu wimbo naimbaka wakati wa kupalilia! Mama yangu alikuwa anaimbaka vilevile. Lakini binti, umeukata! Umefika kwenye mulango, haukuingia ndani.”

Kumbe Fideli alikuwa anavumisha mwanzo tu. Mama yake akaanza kuimba sehemu iliyobaki. Sauti ilishuka polepole, halafu ikanyamaza. Mimi, na haraka zangu, nikajaza ule ukimya kwa sauti yangu. Akanipiga mkononi kidogo.

“Ngoja! Majani haijatoka.”

Ule ukimya ulikuwa ndani ya wimbo, mwanangu. Ndipo mtu anapoinama kung'oa majani, kisha anainuka, ndipo wimbo unaendelea. Fideli akacheka. Tangu nifike hakuwa amecheka. Alikaa juu ya gunia, akageuza ndoo, akaanza kuipiga taratibu kwa vidole.

Jioni ile nilimwambia, “Fideli, nilikuambia mashini haikosee. Ni mimi nilikosa.”

“Uliniumiza, Ejeni.”

“Najua. Nisamehe.”

“Basi. Kesho saidia Mama kupalilia. Nyuma ya pale tutaongea mambo ya muziki.”

Nilipalilia siku tatu. Mgongo wangu haujasahau.

Albamu ya pili niliitengeneza mwaka uliofuata. Ilikuwa bado na jina langu mbele, kwa sababu kazi ilikuwa yangu, na Papa Anselmi alinikataza kuionea haya. Lakini Fideli alipiga batri, Mama Veroniki alishuka Bunia akaimba wimbo wake wote bila kukatwa, na kwenye karatasi, chini ya wimbo ule, niliandika jina la Mama Veroniki, likatangulia mengine yote. Papa Anselmi alisikiliza pande zote mbili. “Sasa unapumua,” akasema. Nililia mbele yake bila haya. Nimetengeneza albamu nyingine nne tangu hapo, na hakuna sifa iliyonifurahisha kama neno lile.

Halafu ikaja miaka ile ambayo watu walikimbia vita. Fideli na jamaa yake walipita Mahagi-Port, wakavuka ziwa hadi nchi jirani. Mama Veroniki alifia ng'ambo, akazikwa huko. Mwaka jana Fideli alinipigia simu. Tuliulizana habari za watoto, kisha sauti yake ikabadilika.

“Ejeni, nilipoteza kila kitu mu njia. Sina hata foto moja ya Mama. Lakini ile kaseti aliyoimba niliichunga, na mutoto wangu ameiweka mu telefone. Wajukuu banaimba pamoja na Mama.”

Baada ya simu ile nilimshukuru Mungu kwa ajili ya muzee aliyenipenda vya kutosha hata akakataa kunisifu.

Sasa weye, mwanangu. Umeniambia unataka kuacha korale ya kanisa utengeneze albamu yako mwenyewe na ordinatere, hiyo kompyuta yako. Itengeneze. Ni vizuri mtu asikie sauti yake peke yake. Lakini usimwambie mwenzako kwamba humhitaji, maana neno hilo litamfikia mahali ambapo msamaha unachelewa kufika. Uliza kila wimbo umetoka wapi kabla ya kuupiga, na andika jina la aliyekupa, hata kama ni mwanamke wa shambani asiyejua kusoma. Usiogope kunyamaza ndani ya muziki wako. Na ukimaliza, usiupeleke kwanza kwa watakaokupigia makofi. Upeleke kwa yule anayeweza kukuuliza swali gumu, na akikutuma mbali, enda.

Mungu akupe vidole vyepesi na sikio la kusikia wengine. Akupe rafiki wa kukusamehe siku utakapokosa, nawe uwe na moyo wa kumwendea. Na kile utakachokiimba, kiwafae hata watoto ambao hujawaona. Amina, mwanangu. Enda na baraka zangu.