Ncha za Dhahabu

Mtaa mzima ulimwita Dhahabu, na hata yeye akiitwa kwa jina jingine alikuwa anachelewa kuitika. Alikuwa muuzaji katika duka la vipodozi la wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, na kazi zake zilikuwa mbili: kusimama nyuma ya meza ya kioo na kuuza, na kuwa na kichwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa nzito.

Siku alipoanza kazi, wifi alimkalisha kwenye kiti, akamvisha taulo mabegani, akamsogelea na bakuli la dawa.

"Wifi yangu, wahenga walisema chema chajiuza," alimwambia. "Sisi chetu kitajiuza juu ya kichwa chako."

Kwanza ikapakwa ile dawa kali inayofukuza weusi wa asili, ikamchoma ngozi mpaka machozi yakamtoka. Halafu ikaingia rangi yenyewe. Aliposimama mbele ya kioo hakujitambua, na kwa kweli hakuona sababu ya kujitambua haraka. Alipendeza. Wanawake walioingia kununua sabuni tu waliondoka na kopo la rangi. Wanaume waliokuwa na haraka zao walikumbuka ghafla kwamba wamepungukiwa na mafuta ya kujipaka.

Mtu mmoja tu hakuona kitu, na mtu huyo alikuwa mumewe.

Mumewe alikuwa fundi rangi wa majumba, na sifa yake ilikuwa macho. Aliweza kuingia sebuleni kwa mtu, akatupa jicho ukutani, akasema nyeupe ya dirisha na nyeupe ya mlango si ndugu, moja imetiwa tone la njano. Wenye nyumba zao walimfuata kwa macho hayo. Lakini jioni ile, mkewe alipoingia ndani na kichwa kinachowaka kama sufuria mpya, fundi alikula, akanawa, akauliza kama kuna mtu ameiona brashi yake ndogo.

Miaka ikaenda hivyo. Kila weusi ulipochungulia kwenye mizizi, wifi alimwita chumba cha nyuma na bakuli lake, kama mtu anayezima moto kabla majirani hawajajua. Nywele zikavumilia, kwa kuwa nywele hazina mdomo. Halafu asubuhi moja, akijichana kabla ya kufungua duka, chanuo likateleza kirahisi kupita kawaida, na shungi zima likabaki kwenye meno yake. Dhahabu akalifunga kwenye karatasi na kulisukuma chini kabisa ya pipa la taka. Kesho yake akafunga jingine. Duka la kuuza nywele nzuri haliwezi kuonekana linazitupa.

Mwishowe akaenda kwa msusi wa mlango wa pili, mwanamke aliyeongea kidogo kwa sababu wateja wake waliongea kwa niaba yake. Msusi alichukua unywele mmoja, akauvuta kwa vidole viwili. Ukakatika kama tambi ambayo haijapikwa.

"Hazina ugonjwa hizi," akasema. "Zimechoka. Kila mwezi mnazichemsha upya."

"Nifanyeje?"

"Njia ni mbili. Kuna mkasi, tukate zote leo uanze upya. Au uache kupaka, uoteshe nywele zako, na hizi za zamani uziuguze mpaka mpya zifike urefu unaoutaka. Mkasi unauma siku moja. Kuotesha kunauma mwaka mzima na zaidi."

Dhahabu alichagua maumivu ya mwaka. Kwa nywele asingejali sana. Aliyemwogopa alikuwa wifi.

Na wifi alipoambiwa, aliyapanga upya makopo ambayo yalikuwa yamepangika. Yeye mwenyewe alikuwa na wigi, jeusi, la kupendeza, lisilowahi kusogea hata kwenye upepo. Tone la rangi za duka lake halikuwahi kugusa kichwa chake. Mteja akimuuliza, alisema ngozi yake haielewani na dawa. Dhahabu safari hii alithubutu kumkumbusha hilo.

"Wifi," alijibu yule mama kwa upole, "mchinjaji si lazima awe ng'ombe."

Wakafika kwenye makubaliano, kama yanavyofikiwa makubaliano yote kati ya mwenye duka na mtu aliyeolewa na mdogo wake. Rangi mpya haitapakwa. Lakini mkasi nao hautagusa, na dhahabu iliyopo lazima ing'ae. "Siku utakayosimama hapo mbele ukifanana na ufagio," wifi akamalizia, "utanirudia huku nyuma ubandike bei."

Ndipo Dhahabu akajikuta katika kazi ya ajabu: kukitunza kwa mapenzi kitu anachosubiri kiishe. Aliosha kichwa mara moja tu kwa wiki, kwa maji ya uvuguvugu, akisugua ngozi kwa ncha za vidole na si kwa kucha. Shampuu yenye povu jingi aliiacha, maana msusi alimwambia inakomba rangi na mafuta pamoja. Shampuu hiyo ndiyo iliyoongoza kwa mauzo dukani, na mchana aliisifia kwa sauti ileile aliyoitumia asubuhi kuilaani. Siku ya kuosha alipaka kondishena nyingi, akavaa mfuko wa plastiki kichwani, akamenya viazi huku joto likifanya kazi. Akichana, alichana nywele zikiwa na unyevu, kwa chanuo la meno mapana, akianzia kwenye ncha na kupanda juu taratibu. Pasi ya nywele aliipa likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Akilala, alijifunga kitambaa cha satini, mumewe akamuuliza kama ana mafua.

Mahali pa hatari palikuwa pale nywele mpya zilipokutana na za zamani. Za juu zilikuwa na nguvu na kiburi cha ujana, za chini zilikuwa dhaifu na zenye kujivunia rangi, na kama ilivyo kwenye mipaka mingi, vita vilianzia hapo. "Usivute," msusi alimwambia kila wakati. "Ukivuta, zitaachana hapohapo." Kwa hiyo akasukwa misuko mikubwa isiyobana, ile ya kurudi nyuma inayoitwa twende kilioni.

Wifi alipomwona akiingia nayo dukani, alivua miwani. "Nani amekufa?"

"Bado hajafa," Dhahabu akasema. "Tunamuuguza."

Miezi ikapita. Misuko ikafumuliwa, na nywele zikaanguka mabegani katika rangi mbili: nusu ya juu nyeusi, yenye mvi hapa na pale, nusu ya chini dhahabu. Alijiona kama nyumba iliyoishiwa rangi katikati ya kazi. Aliingia kazini akitembea kando ya ukuta.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa dada mmoja wa ofisini, mwenye viatu virefu na haraka. Alisimama mbele ya meza ya kioo akimtazama kichwani.

"Naomba hiyo," akasema.

"Ipi, dada?"

"Hiyo uliyonayo. Nyeusi inayoishia kwenye dhahabu. Ni rangi gani?"

Dhahabu hakuzoea kudanganya mapema asubuhi. "Hii si rangi. Ni kwamba sijapaka tangu mwaka jana."

Kutoka nyuma ya rafu ikasikika sauti ya wifi, tulivu na ya mtu aliyeshaelewa kila kitu. "Inaitwa Machweo," akasema. "Imeingia juzi."

Machweo ikatikisa mtaa. Kile Dhahabu alichokipata kwa kuacha, wenzake walikipata kwa makopo matatu: moja la kufukuza weusi kwenye ncha, moja la dhahabu, na jingine jeusi la kupaka juu ili mizizi ionekane imeachwa. Msusi wa mlango wa pili alipata foleni. Dhahabu, kwa dhamiri yake, alimweleza kila mnunuzi habari za maji ya uvuguvugu, mafuta kwenye ncha, na pasi ya nywele kuwekwa mbali. Wakamsikiliza kwa heshima, wakashukuru, wakanunua pasi.

Siku moja alipojipima mbele ya kioo, akaona nywele zake halisi zimefika kidevuni. Zilimtosha. Akamwendea wifi kuomba ruhusa ya mkasi.

"Ukate Machweo?" wifi akamuuliza, kama aliyeulizwa kama duka linaweza kuchomwa moto. "Wifi, hizo ncha si zako peke yako tena."

Dhahabu akarudi mezani kwake. Alikuwa ameomba kuitoroka rangi, na sasa ndiye bendera yake.

Wifi, kwa hofu kwamba bendera inaweza kushuka yenyewe, akaamua kuchora picha ukutani nje ya duka: uso wa Dhahabu, mkubwa kama mlango, na nywele zake zote. Mchoraji hakwenda kumtafuta mbali. Alimwita mdogo wake.

"Dada, mimi napaka kuta," fundi rangi akasema. "Watu siwajui."

"Na huo ni nini? Si ukuta?"

Akamkalisha mkewe chumba cha nyuma, kwenye stuli karibu na dirisha, akapanga vikopo vyake sakafuni. Kisha akamtazama. Alimtazama kama anavyotazama kazi, kichwa kimeinama upande, jicho moja limefinywa, mpaka Dhahabu akaanza kujisikia kama ukuta wenye nyufa.

"Nini?"

"Kuna nyeupe hapa."

"Ipo."

"Na si nyeupe moja. Ya kwenye paji inaelekea jivu. Ya karibu na sikio ni chaki kabisa." Akakoroga kidogo kwenye kifuniko, akalinganisha, akakoroga tena. "Imeanza lini?"

"Zamani. Nilikuwa naifunika na rangi."

"Rangi gani?"

Dhahabu akageuka mzima kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. "Mume wangu, nina nywele za dhahabu tangu mtoto wetu wa mwisho anaanza shule."

Fundi akafikiri. "Nilijua zina rangi," akasema. "Sikujua ni kazi."

Akasogea, akashika ncha za nywele zake kwa vidole vilivyokauka rangi za nyumba za watu, akazipindua kwenye mwanga. "Walikuwa wanapaka juu ya rangi ya zamani, bila kukwangua?"

"Kila mwezi."

"Ukuta ungebanduka."

"Ulibanduka."

Alionekana kama mtu aliyeitwa kukagua jengo na kugundua kwamba ni nyumba yake. "Ungeniambia," akasema mwishoni.

"Nikuambie kwamba nina kichwa?"

Alichora kwa siku kadhaa, na kila siku alimwita tena dirishani, hata siku ambazo alikuwa anachora sikio tu. Picha ikaisha. Ilikuwa nzuri kuliko walivyotarajia wote watatu: mwanamke mtulivu, dhahabu mabegani, weusi juu yake, na kwenye paji mvi za rangi ya jivu zilizochorwa moja moja, kwa umakini wa mtu anayelipa deni.

Wifi alisimama barabarani akaitazama. "Bibi wa nani huyu?"

"Wifi yako."

"Toa nyeupe."

"Dada, mimi nachora ninachokiona."

Dhahabu alijifanya anakohoa. Lakini mkubwa ni mkubwa, na jioni fundi alipanda ngazi tena, akafunika mvi zote kwa nyeusi, huku akinung'unika kama mtoto anayefuta hesabu iliyokuwa sahihi. Alipomaliza, mwanamke wa ukutani alikuwa amepungua umri sana, na hakufanana tena na mtu yeyote pale dukani.

Dhahabu akamsogelea wifi wakiwa bado wanatazama. "Wifi, sasa una kichwa chako. Huyo hachoki, hakatiki, wala haombi likizo. Mimi nikate nywele zangu?"

Wifi alitazama ukutani, akamtazama yeye, akatazama tena ukutani. "Ukate jioni," akasema. "Wateja wasikuone ukienda."

Msusi alimkalisha, akashika mkasi, halafu akausimamisha hewani. Ncha zile zilikuwa laini, nzito, zinang'aa, hazipukutiki. Mwaka wote wa maji ya uvuguvugu na mafuta ulikuwa umefanya kazi yake. Dhahabu hakuwahi kuwa na nywele nzuri za rangi kama alizokuwa nazo jioni hiyo.

"Zimepona," msusi akasema. "Naona uchungu kuzikata."

"Kata."

Zikaanguka sakafuni moja baada ya nyingine. Mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake aliinama, akaokota shungi, akalipitisha kwenye kiganja. "Hizi zilitunzwa," akasema. "Zilikuwa za nani?"

"Za marehemu," Dhahabu akamjibu, na yule mama akamwambia pole.

Siku hizi nywele zake zinaishia kidevuni, nyeusi na nyeupe, na anaziosha kabla chai haijachemka. Bado anaitwa Dhahabu, na bado anauza. Karibu kila wiki anaingia mtu kutoka nje, ameitazama picha mpaka shingo imemuuma, anaangaza macho dukani kote.

"Shikamoo mama. Yule dada wa ukutani yupo?"

"Marahaba. Ametoka."

"Atarudi saa ngapi?"

"Sidhani kama atarudi leo," Dhahabu husema, na mikono yake inamgeuza mteja upande wa dirisha. "Lakini njoo hapa kwenye mwanga. Inama kidogo nikuone. Mara ya mwisho kupaka ilikuwa lini?"