Mwendo wa Karani Ngoyi

Mwanangu, nasikia mmepata chumba kule Beni, mtaa wa Ruwenzori, na kwamba katika hiyo teatre yenu wewe ndiye utakayechekesha watu. Sikukatazi. Hata mimi nilikuwa hivyo nilipokuwa na umri wako. Lakini keti kwanza, maana iko siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka njiani nainamisha uso, watu wakadhani nimedondosha kitu.

Ilikuwa Butembo, miaka ile baada ya uhuru. Tulichezea katika depo ya zamani ya kahawa. Jukwaa letu lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa, na pazia lilikuwa shuka za Mama Masika, fundi wa kushona aliyetuongoza. Usituone wadogo. Jumapili baada ya ibada watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Mume aliyempiga mkewe alikiona kipigo chake jukwaani, akatoka kimya, na siku chache baadaye mke akaja kumletea Mama Masika viazi vya kushukuru. Majirani waliogombania mpaka wa shamba walicheka pamoja, wakarudi nyumbani wakiongea.

Mimi nilikuwa hodari wa kuiga. Na niliyemweza kuliko wote alikuwa karani Ngoyi, mtu wa Kasai aliyeletwa na serikali kuandika vyeti vyetu. Alitembea bega moja likiwa chini, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Kabla ya kusema alikohoa kidogo, kisha akaanza na "donc", yaani "basi" ya Kifaransa. Kweli, alitusimamisha juani muda mrefu, wala hakuwa mtu wa kutabasamu. Lakini hakumdhulumu mtu. Alikuwa mgeni tu, hana ndugu hapa, nami nilijua hakuna atakayenikasirikia kwa ajili yake.

Siku moja ya mazoezi Mama Masika alinisimamisha.

"Paluku, unacheka kazi yake ya bureau, ao unacheka bega ya mutu?"

"Mama, si batu banapenda?"

"Banapenda, ndiyo. Mais miye nauliza weye."

Nilishusha bega, nikaenda mpaka mlangoni kwa mwendo wa Ngoyi, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kile nikakichukua kuwa ruhusa.

Kisha waasi wakaingia mjini. Waliwasaka watu wa serikali, makarani na walimu, na wengi waliokamatwa hatukuwaona tena. Ngoyi akatoweka na mke wake na watoto wao wawili. Mjini wachache tulijua walipo: kijiji cha jirani, Musienene, nyumbani kwa mjomba wangu, mkulima wa maharagwe. Walimvika Ngoyi nguo zilizochakaa, akawa anamsaidia mjomba kuuza sokoni, na watu wa pale, waliomtambua, wakanyamaza. Soko zima lilinyamaza kwa ajili yake, mwanangu. Kumbuka hilo ninapoendelea.

Mkubwa wa waasi alisikia habari za teatre yetu, akataka kuchekeshwa. Mama Masika akachagua kisa cha fisi na sungura, kisichomgusa mtu. Tukacheza. Watu walicheka kwa woga, kidogo kidogo, na yule mkubwa akapiga mwayo. Mimi sikuweza kuvumilia mwayo. Niliingia katikati ya kisa, nikashusha bega, nikakohoa, nikasema, "Donc!"

Depo ikalipuka. Mkubwa akajipiga paja. "Ule ni nani?" akauliza, na mtu mmoja nyuma, kwa furaha tu, akapaza sauti: "Karani ya serikali!"

Nikapewa chupa ya bia. Nilikwenda nyumbani nikijiona mkubwa. Mama Masika alibaki akikunja shuka zake, akinipa mgongo.

Siku ya soko iliyofuata, askari mmoja wa waasi alisimama kununua maharagwe Musienene. Ngoyi akakohoa, akasema, "Donc, unataka ngapi?" Akageuka kufuata kopo la kupimia. Hatua chache tu zilitosha.

"Eh! Huyu ni ule wa teatre!"

Siku hiyo nilikuwa kule kule Musienene, kwa shangazi yangu, karibu na soko. Mjomba alinijia mbio, anahema. "Bamemukamata. Juu yako weye."

Nilipofika, Ngoyi alikuwa amepigishwa magoti, mikono imefungwa nyuma, damu mdomoni. Mkubwa mwenyewe, aliyekuwa akilizungukia soko siku hiyo, alikuwa ameshafika. Sikuwa na chochote cha kumtetea isipokuwa kile kile kilichomponza. Nikaanza kucheka kwa sauti.

"Chef, askari yako amekosea! Huyu hapana karani. Ni mwanafunzi wangu wa teatre! Miye nilimufundisha kutembea vile."

Mkubwa alimnyooshea kidole Ngoyi, kisha mimi. "Bon. Mufanye bote mbili. Tuone."

Wakamfungua. Ngoyi aliniangalia, akaelewa. Kisha akatembea. Hakutembea mwendo wake; alitembea ule wangu, wa kumdhihaki, bega likikaribia ardhi, akikohoa mpaka akapaliwa, "donc, donc, donc," akizunguka katikati ya magunia. Nami mbele yake kama mwalimu, nikimpiga begani kwa kiganja: "Chini zaidi! Chini!" Askari walicheka mpaka wakashikana. Na watu wa soko, waliojua kila kitu, nao wakacheka, maana kutocheka kungemuua. Nyuma ya marundo ya viazi nilimwona mke wake. Alikuwa amemfunika mtoto mdogo macho kwa kitenge. Mtoto wa kwanza, binti, alikuwa anatazama.

Mkubwa wa waasi alipangusa machozi. "Mupumbavu kama huyu hawezi kuwa karani. Mumuache."

Basi akapona. Tulirudi naye kwa mjomba, nami, mwanangu, naona haya kukwambia, njiani nilikuwa nangoja asante. Akaitoa. Alisimama, akasema polepole, bila kukohoa:

"Paluku, umeniokoa. Merci. Mais mutoto wangu aliona. Sasa nimuambie nini?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo.

Waasi walipofukuzwa, Ngoyi alipata lori la kumrudisha kwao. Nilikwenda kumuaga. Alikwenda kulipanda wima kabisa, mabega sawa, kwa nguvu, kama mtu anayetembea juu ya kidonda. Nilikuwa nimemnyang'anya hata mwendo wake. Binti yake nilimpungia mkono, akageukia upande wa pili. Mama Masika alifungua tena depo, akanipa kazi ya kuvuta pazia. Sikuuliza mpaka lini.

Kwa hiyo nakuomba haya. Chekesheni, kwa sababu mji usiocheka pamoja huanza kuogopana, na Beni imeogopa vya kutosha. Cheza uonevu, cheza ulafi, cheza kiburi cha wakubwa kama una moyo huo, nicheze hata mimi na ubishi wangu. Lakini mwili ambao mtu amezaliwa nao, na namna anavyosema kwa kuwa ametoka mbali, viache. Watu wakipiga mwayo, waache wapige. Mwayo haujamuua mtu. Na kila unapojiandaa, muweke huyo unayemwiga mstari wa mbele, na watoto wake wakiwa wamekaa pembeni yake. Kama bado unaweza kumtazama usoni, panda jukwaani.

Mungu akupe kipaji cha kuwachekesha wengi, na macho ya kumwona yule mmoja asiyecheka. Nenda, mwanangu. Jumapili nitakuja, nitakaa mbele.